Namna ya Kuondoa Viporo vya Kazi Nyumbani

Sehemu kubwa ya msongamano wa nyumbani hutokana na kazi zilizoanzwa kwa hamu zikaishia njiani: gauni la kitenge lililokatwa likakosa mikono, seti ya vitambaa vya makochi iliyofumwa nusu, redio iliyofunguliwa ili itengenezwe, mfuko wa saruji uliobaki baada ya kibaraza kusakafiwa. Vitu hivi hudumu kwa sababu mwenye navyo bado anajiahidi kuvimalizia, na kila avionapo hujihisi mdaiwa. Ili viondoke, lazima kwanza iamuliwe ile ahadi.

Anza kwa kuvitoa vyote uvunguni mwa kitanda, juu ya kabati na stoo, uvitandaze kwenye mkeka. Vipange kwa kazi na si kwa aina ya kitu, yaani kitambaa, zipu, vifungo na uzi wa gauni moja vikae pamoja, kwa kuwa vikitawanyika kila kimoja huonekana mali nzuri isiyostahili kutolewa, ilhali vikikutana huonekana wazi kuwa ni kazi iliyosimama. Kisha kwa kila kazi andika kilichobaki kufanywa, kinachohitaji kununuliwa, na jina la atakayeifanya. Penye jina pakibaki patupu, jibu umekwisha kulipata.

Chukua vile vitambaa vya makochi. Ikiwa vilivyokwisha ni vitatu na seti inahitaji saba, vuta kipande cha uzi uliobaki kwa vidole; uzi wa pamba uliokaa kwenye unyevu kwa muda mrefu hukatika kwa mvuto mdogo, na ukikatika hivyo hakuna haja ya kuendelea na hesabu. Ukiwa mzima, upeleke dukani uulinganishe na uzi mpya nje, kwenye mwanga wa mchana, kwa maana uzi wa rangi moja uliotiwa rangi kiwandani kwa nyakati tofauti huweza kupishana kidogo, na tofauti isiyoonekana kwenye donge la uzi hujitokeza vitambaa vikishatandikwa pamoja. Rangi zikikataa, fumua cha nne kilichoanzwa, tandika vile vitatu kwenye meza ndogo, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa imekwisha. Kupunguza ukubwa wa kazi ni njia halali ya kuimaliza, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Katika uamuzi huu usiingize fedha iliyokwisha kutumika. Kitenge kilishalipiwa, kishonwe au kiendelee kutobolewa na mende. Kinachohesabiwa ni ufundi na muda unaotakiwa kuanzia leo, pamoja na kama vipimo vya wakati ule bado ni vya mwili wa sasa. Jiulize: kama mtu angekuletea kazi hii bure, ikiwa imefikia hapo ilipofikia, ungeipokea?

Vifaa vya ujenzi havingoji hisia zetu. Saruji hunyonya unyevu hata ndani ya mfuko, na baada ya miezi 3 hivi nguvu yake huwa imeanza kupungua. Yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole isijengee kitu cha kubeba uzito. Rangi ya maji iliyooza isimwagwe mferejini, bali ichanganywe na mchanga au vumbi la mbao, ikauke, ndipo itupwe. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuchomwa pamoja na takataka.

Kinachofaa kupewa mtu kitolewe pamoja na vyote vinavyohitajika kukiendeleza, na apewe mwenye kukitaka, la sivyo utakuwa umemhamishia mwenzio mzigo. Kiporo kilichoachwa na marehemu kinahitaji subira zaidi: ukili aliousuka bibi na kuuacha bila kushonwa unaweza kupelekwa kwa mshona mikeka, aulainishe kwa maji na kuushona msala mmoja, na uliosalia ukawa wake. Kazi ya mume, mke au mtoto mkubwa usiiguse bila idhini yake, hata kama inakukera kila siku.

Utakazozibakisha zisizidi mbili au tatu, kila moja na tarehe yake kwenye kalenda, na tarehe ikipita bila mkono kuigusa, kazi hiyo iondoke bila kujadiliwa upya.

Iwapo unashona nyumbani na kuna vitambaa vya wateja vilivyokushinda, hivyo si vyako kuvigawa. Mpigie simu kila mmoja, mrudishie kitambaa chake kama kilivyo pamoja na malipo ya awali aliyokupa, na kama kimekwisha kukatwa, mwambie hivyo kabla hajakifungua mwenyewe.