Kuchagua springi za kushusha Subaru Impreza WRX

Kabla ya kununua, egesha gari pahali tambarare upime kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Bila vipimo hivyo hutajua limeshuka kiasi gani.

Kwa gari la kila siku, milimita 20 hadi 25 zinatosha kabisa. Ukikaribia 40 huku shokomzoba ni zilezile za kiwandani, zinabaki na nafasi ndogo ya kubonyea: kila tuta raba ya kuzuia inagongwa, na baadaye mafuta ya shokomzoba yanaanza kuvuja. Kwa hiyo muulize muuzaji ugumu wa springi kwa N/mm (newtoni kwa milimita, yaani nguvu ya kuibonyeza milimita moja), si urefu peke yake. Springi fupi lazima iwe ngumu kuliko ya zamani. Shokomzoba zilizochoka zitoe siku hiyohiyo, maana springi ngumu juu yake hudundisha gari.

Wakati wa kufunga, bolti za bushi (raba za maungio) za mikono ya chini inayoshika magurudumu zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba hukaa imejipinda na huchanika mapema. Malizia na alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani.