Kutia taa za LED bila kumpofusha mwenzako wala kukwama kwenye ukaguzi

Mimi ni fundi waya wa magari hapa Malindi. Wiki haipiti bila mtu kuniletea kijisanduku cha balbu za LED: "Fundi, nitilie hizi, usiku naenda Garsen." Boneti huwa sijafungua bado. Naanza na kioo.

Hatua ya 1: Soma kioo cha taa
Chuchumaa na tochi. Taa nyingi zina herufi E na namba ndani ya duara. Kando yake ukiona HCR, taa hiyo imetengenezwa kwa halojeni (balbu ya kawaida yenye uzi), dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali). Tafuta na mshale. Ukiwa umeikabili taa, mshale wa kuelekea kulia kwako unamaanisha taa ya nchi zinazopita kushoto, kama Kenya. Taa ya E ya dimu isiyo na mshale ni ya wanaopita kulia: itamulika macho ya anayekuja. Irudishe dukani.

Hatua ya 2: Balbu tu, au taa nzima?
Hapa ndipo kesi ilipo. Uzi wa halojeni ni mwembamba, na rifleka, ile bakuli inayong'aa ya kurudisha mwanga, imepimwa kuuzunguka. Chipu za LED zikikaa nje kidogo ya pale uzi ulipokuwa, mwanga unapanda juu ya mstari ambapo dimu inapaswa kukatika ili isifike machoni pa anayekuja. Nilizitia kwenye Probox yangu mwenyewe. Kutoka Gede hadi mjini kila dereva alinipiga fulu, nami nikawatukana, hadi niliposimama nikaiangalia dimu yangu ukutani: haikuwa na mstari kabisa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haitaki gari barabarani lenye vifaa visivyotimiza masharti. Kuuzwa dukani si kuruhusiwa. Hata Ujerumani ilianza kukubali balbu hizi mwaka 2020, tena balbu maalumu kwa magari yaliyoorodheshwa tu. Ushauri wangu: nunua taa nzima iliyotengenezwa kuwa LED. Ni ghali, najua.

Hatua ya 3: Ukaidi ukizidi
Ukishikilia balbu tu: kwa H4, balbu moja yenye dimu na fulu pamoja, chipu zitazame pembeni, saa tatu na saa tisa, si juu na chini. Rangi iwe nyeupe; ya buluu achana nayo. Rifleka iliyoliwa na chumvi ya bahari haiokolewi na balbu yoyote.

Hatua ya 4: Pima ukutani
Jaza magurudumu upepo, simama mita 10 kutoka ukuta, mahali tambarare. Pima kimo cha katikati ya taa, chora alama ukutani, kisha mstari sentimita 10 chini yake. Dimu ikatike hapo, ikipanda kidogo upande wa kushoto tu. Mstari usipoonekana hata ukizungusha skrubu ya kurekebisha taa, toa balbu. Mbele ya mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, hutakuwa na la kujitetea.

Balbu za zamani usitupe. Zifunge kwa kitambaa safi bila kugusa kioo kwa vidole, uzitie kwenye dashibodi. LED ikikufia Gongoni saa nne usiku, duka hulipati.