Fiwi shambani: kulisha ng'ombe bila kuuacha udongo na njaa

Fiwi, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ina walaji wawili: ng'ombe na udongo. Wengi humpa ng'ombe yote, kisha msimu unaofuata wanashangaa shamba halijabadilika. Hapa naeleza jinsi ya kuwagawia wote.

Hatua ya 1: Chagua mmea
Mimi napendelea fiwi kwa sababu hustahimili ukame ikishashika mizizi, na hubaki mbichi nyasi zikiwa zimekauka. Marejea, mmea mwingine wa jamii ya kunde, nayo hurutubisha udongo vizuri sana, ila aina zake nyingi ni sumu kwa mifugo. Ipande mahali ambapo hutakata malisho.

Hatua ya 2: Panda
Ukichanganya na mahindi, subiri yafikishe wiki 3 hadi 4, baada ya palizi ya kwanza. Ukivipanda siku moja, fiwi itayaparamia mahindi na kuyalaza. Mbegu 2 kila shimo, kina cha sentimita 3 hadi 5, katikati ya mistari.

Hatua ya 3: Kagua mizizi
Kabla haijatoa maua, chimbua mche mmoja kwa jembe. Usiuvute, maana vinundu (vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria) vitakatikia ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanavuna naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea. Vikiwa vyeupe au vya kijani karibu vyote, msimu ujao paka mbegu chanjo ya bakteria wa jamii ya kunde kabla ya kupanda.

Hatua ya 4: Kata, ila usimalize
Hapa ndipo penye kazi. Kata maua yanapoanza kuchanua, majani yakiwa bado laini. Ukingoja maganda yakomae, mashina huwa magumu na majani hupukutika. Acha kisiki cha sentimita 25 hivi chenye majani, kichipue tena. Machipukizi hayo usiyaguse. Ni fungu la udongo.

Sehemu kubwa ya naitrojeni imo kwenye majani na mashina, si mizizini. Kila mzigo unaoubeba kwenda zizini umeondoa rutuba, kwa hiyo samadi lazima irudi shamba lile lile. Mkojo nao una naitrojeni nyingi: tandika mabua zizini yaufyonze, na lundo la samadi lifunike lisipigwe na jua wala mvua.

Hatua ya 5: Lisha taratibu
Nyausha majani kwanza, uyachanganye na nyasi au mabua; fiwi isizidi theluthi moja ya chakula. Ng'ombe mwenye njaa akifakamia majani yenye umande, tumbo hujaa gesi. Ukiona ubavu wa kushoto umevimba na anahema kwa shida, mwite daktari wa mifugo papo hapo.

Ziada ianike kivulini na uigeuze asubuhi, kabla majani hayajakauka na kuanza kuvunjika.

Hatua ya 6: Laza masalia
Wiki 2 au 3 kabla ya kupanda tena, fyeka yaliyobaki na uyaache juu ya udongo. Usichome. Mbegu za mahindi zipenyeze humo humo kwenye matandazo.