Kabla ya Kutolewa Kipande cha Nyama Kwenye Pafu kwa Msaada wa Mwanga

Kinundu cha pafu ni doa lisilozidi milimita 30 linaloonekana kwenye picha ya CT (eksirei ya kina inayotengenezwa na kompyuta). Kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu bado kimeenea, doa hilo laweza kuwa kovu au uvimbe wa TB wala si saratani, hivyo hakikisha makohozi yamepimwa kwanza. Tafuta na picha za zamani. Kinundu kigumu (kinachoonekana kimejaa kwenye picha, si kama ukungu) kisichobadilika kwa miaka 2 kwa kawaida hakihitaji kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha nyama kwa uchunguzi.

Ikibidi kuchomwa, kazi ngumu ni kulenga. Kamera ya bronkoskopi, ile inayopitishwa kwenye njia ya hewa, haifiki kwenye vinundu vya pembezoni mwa pafu, na sindano ikikosea kwa milimita chache tu, majibu yatasema hakuna saratani ilhali ipo. Kwangu hilo ndilo la kuogopwa kuliko maumivu yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya vituo hupitisha uzi mwembamba wa mwanga ndani ya sindano. Hadubini ya leza humwonyesha daktari seli papo hapo: kwenye saratani huonekana seli kubwa zisizolingana na mabonge meusi, kwenye pafu lenye afya huonekana wavu wa nyuzi zinazong'aa zenyewe. Njia nyingine, OCT, husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye tishu na kuonyesha tabaka zake hadi kina cha milimita 2 au 3. Zote husaidia kulenga. Jibu la mwisho hutoka maabara.

Leza hiyo mara nyingi huhitaji rangi ya fluoresini ili seli zionekane, kwa hiyo taja mzio wowote ulio nao. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa baadaye, usishtuke. Taja pia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, siku kadhaa kabla, lakini usiziache bila kuelekezwa. Chakula husimamishwa saa 6 kabla, maji saa 2. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Hospitali nyingi hazina vifaa hivi vya mwanga. Usiahirishe kipimo kwa kuvisubiri: sindano inayoongozwa na CT au altrasaundi hutegemewa duniani kote. Uliza tu mapema: majibu yakirudi bila saratani, nani atalifuatilia doa hilo, na picha nyingine itapigwa lini? Na baada ya sindano, ukihisi kifua kuchoma ghafla au pumzi kukata, rudi hospitali saa hiyohiyo, kwani hewa huenda imevuja nje ya pafu.