Paka wa nyumbani na watoto wadogo

Wajukuu wangu wawili walipoletwa Ngamiani, Tanga, kukaa nami, mmoja wa miaka minne na mwenziwe wa mwaka na nusu, aliyetaabika kuliko wote ni paka. Mie namwita Bwana Afya, maana hakuna sufuria asiyoikagua. Siku tatu alihamia juu ya paa la jiko, anashuka usiku watoto wakishalala. Siku ya nne akashuka mchana. Mdogo akamdaka mkia, akaambulia mchirizi wa kucha toka kiwiko hadi kiganja.

Usimchape paka kwa hilo. Ukimchapa, anachokumbuka ni kwamba mtoto akifika, kipigo kinakuja, na kesho atawahi yeye. Mtafutie pahala pa juu pa kukimbilia. Nilianza kwa kumwekea kikapu uvunguni, kikawa kazi bure, mtoto wa umri ule huingia uvunguni upesi kuliko paka. Nikaondoa masufuria juu ya kabati la vyombo, nikatandika khanga kuukuu, nikasogeza stuli apate pa kukanyagia. Akiwa huko haguswi, haitwi, hatupiwi kitu. Mwezi mzima nilikuwa narudia maneno hayo hayo mpaka nikajichoka mwenyewe.

Mkubwa nimemfunza kwa mchezo: "Mkia unasemaje?" Ukisimama wima, paka anakuja kwa salamu. Ukipigapiga sakafu, amechoshwa; yule si mbwa wa kutikisa mkia kwa furaha. Masikio yakilala nyuma, ondoa mkono. Na akilala chali akaonyesha tumbo, hajasema akunwe tumbo. Siku hizi nikiwa uani nasikia, "Bibi, mkia!" najua mdogo keshakaribia kuumizwa.

Mdogo huyo maneno hayamuingii, kwa hiyo nashika kiganja chake ndani ya changu, nakunjua vidole, tunapitisha shingoni kwenda mgongoni mara mbili tatu, tunaacha. Paka akitaka zaidi atarudi mwenyewe kusugua shavu. Asiporudi, basi. Nikitoka kwenda kuanika nguo, mmoja wao naondoka naye. Siwaachi wawili hao peke yao hata kidogo.

Ugomvi mkubwa lakini ni wa chakula. Sisi tunakula chini, mkekani, sinia moja, kwa hiyo paka na mtoto wanatazamana uso kwa uso na samaki yuko katikati. Nikirudi na vibua kutoka soko la Deep Sea, Bwana Afya nampa chake kwanza, nyuma ya mlango wa jiko, na hakuna wa kumsogelea mpaka amalize. Watoto wanapenda kumlisha kwa mkono; nimewakataza, wanatupia kwenye bakuli lake. Kidole kinachonuka samaki paka hukiuma bila hata kinyongo. Na anywe maji. Paka mzima maziwa ya ng'ombe mara nyingi humharisha.

Halafu mchanga. Jirani anajenga, lundo lake liko mlangoni petu, na paka na watoto wote wanalipenda, kila mmoja kwa haja yake! Tumelifunika turubai. Bwana Afya ana karai lake la mchanga pembeni mwa uani, nazoa kinyesi kila siku, kwa kuwa vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi nje ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Mpe paka dawa ya minyoo, na ukiona manyoya yametoka kwa duara, yaweza kuwa choa, huhamia kwa watoto.

Mtoto akikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, utazame saa. Akiumwa, hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa mfano wa tundu la sindano. Jino la paka huzama, na kichaa cha mbwa paka naye hukipata. Kwa ule mchirizi tu, muuguzi aliniuliza kama paka amechanjwa. Nikatazama ndara zangu. Wiki iliyofuata tulipanda bajaji, Bwana Afya kikapuni akilia njia nzima mpaka dereva akaongeza redio, tukamfikia daktari wa mifugo. Chanjo huanza miezi mitatu, na sisi tumeambiwa turudi kila mwaka.

Juzi mkubwa karudi chuoni na habari za Abu Huraira, sahaba wa Mtume, kwamba jina lenyewe maana yake ni baba wa kipaka. Akataka naye ambebe Bwana Afya ndani ya kanzu. Nikamuuliza mkia unasemaje. Akautazama sana, akavua kanzu, akaitandika chini, akakaa kando kungoja.