Soma ECG huku umeshika mkono wa mgonjwa

Wanafunzi wa fildi wanaoletwa wodini kwangu huwa wameshakariri P, QRS na T, majina ya mawimbi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Karatasi ikitoka mashineni, wananitazama mimi.

Anza na miraba. Kwa kasi ya kawaida, milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa 0.2. Hesabu mikubwa kutoka kilele kirefu hadi kinachofuata, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Minne ni mapigo 75 kwa dakika. Vilele vikiwa havina mpangilio, achana na hesabu hii: chukua miraba mikubwa 30, hesabu vilele vilivyomo, zidisha kwa 10.

Kituta kidogo kinachotangulia ni P. Umeme umeanzia nodi ya SA, kikundi cha seli kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Seli za pale hazisubiri amri ya ubongo. Sodiamu huzipenya polepole mpaka zinajifyatua zenyewe. Neva kazi yake ni kuongeza au kupunguza kasi tu.

Baada ya P mstari unatulia. Nodi ya AV, iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini, inauchelewesha umeme ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Kuanzia mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS pasizidi mraba mkubwa mmoja. Pakizidi, mwonyeshe daktari.

QRS, kile kilele kirefu, ni umeme kusambaa kwenye ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, kupitia nyuzi za Purkinje zinazoupitisha haraka. Iwe nyembamba, chini ya miraba midogo mitatu. Hapa ndipo penye utamu: umeme unafungua milango ya kalsiamu kwenye seli, na hiyo kidogo inayoingia inaifungulia akiba kubwa iliyokuwa ndani. Kalsiamu ikijaa, miosini inaikamata aktini (zote ni protini za msuli) na kuivuta, msuli unajikaza. Ikirudishwa akibani, unalegea.

T ni ventrikali kujiandaa upya. Ikiwa ndefu na imechongoka, hasa kwa mgonjwa wa figo, mimi hushuku potasiamu imepanda hata kabla ya majibu ya maabara, na daktari namwita hapo hapo.

Muda wote huo vidole viwe kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu karatasi inaonyesha umeme, haionyeshi msuli kujikaza. Kila QRS ifuatwe na pigo. Mgonjwa asipoitika, hapumui vizuri, na shingoni hupati pigo, hata mistari iwe mizuri namna gani, piga kelele uitiwe msaada na uanze kukandamiza kifua.