Kusikiliza mkutano wa klabu ya kompyuta moja kwa moja kwa VLC

Haya ni kwa klabu zinazorusha mikutano kwa sauti tupu kupitia seva ya Icecast (programu ya kurushia sauti mtandaoni). Nimeyaandika baada ya kumwelekeza rafiki wa Morogoro kwa simu, alipotaka kusikiliza klabu ya Linux ya Chicago. Kama klabu yako inatumia Zoom, hayakuhusu.

1. Weka VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video. Brauza nayo inacheza, ila siipendi: ukizima skrini ya simu, mara nyingi na sauti inakatika.

2. Chukua anwani. Ukibofya kiungo kikakushushia faili dogo la .m3u au .pls, hiyo siyo sauti, ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad, unakili mstari wenye http, kuanzia hiyo http hadi mwisho. Mara nyingi una :8000 ndani yake. Kwenye VLC ya kompyuta bonyeza Ctrl na N, bandika, cheza.

3. Panga saa. Sisi saa zetu hazisogei, wenzetu wanazisogeza. Tangazo likisema 7:00 PM Chicago siku ya Alhamisi, kwetu ni Ijumaa saa 10 alfajiri. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, ni saa 9 usiku. Mimi naingiza mkutano kwenye kalenda ya simu nikichagua saa za mji wa klabu, simu inageuza yenyewe.

Sasa, ukiwahi, VLC itagoma. Hapa ndipo rafiki yangu alipotaka kufuta VLC aiweke upya. Usiguse kitu! Mpaka mrushaji wa huko aunganishe mitambo yake, ile anwani haipo kabisa, na seva inajibu 404, yaani "haipatikani", kana kwamba umekosea herufi. Ili kuhakikisha, rudi kwenye brauza, andika anwani ileile ukiishia :8000, kisha malizia na /status.xsl. Ukurasa ukifunguka na hauna kituo chochote, hawajaanza, subiri. Kikiwepo kituo lakini jina lake si lile ulilobandika, fuata la kwenye ukurasa. Ukurasa usipofunguka kabisa, nashuku mtandao wako kwanza, maana Wi-Fi nyingi za maofisini na vyuoni hufunga mlango (port) wa 8000, ile :8000 ya kwenye anwani. Zima Wi-Fi, jaribu kwa bando. (Wapo wasimamizi wanaoufunga ukurasa huo makusudi, kwa hiyo ukigoma hata kwa bando usikate tamaa, jaribu tena VLC muda wa mkutano ukifika.)

4. Sauti ikikatakata, rudi kwenye dirisha la Ctrl na N, fungua chaguo za ziada, badilisha caching (akiba ya sauti kabla ya kucheza, kwa milisekunde) kutoka 1000 kuwa 5000. Kuhusu bando: sauti inayorushwa kwa kbps 32 (kilobiti kwa sekunde) inakula kama MB 14 kwa saa, 128 inafika MB 58. Kwa watu wanaoongea tu, 32 inatosha sana. Anayerusha maongezi kwa 128 anatumalizia bando bure.

5. Kuuliza swali kwenye chati yao. Icecast kwa kawaida ikikupokea inakumwagia kwanza baiti 65,535 zilizokwisha pita. Kwa kbps 32 hizo ni sekunde 16 hivi, kwa hiyo unachosikia wao wameshakivuka. Usiandike "hiyo amri ni ipi?" Andika "ile amri ya kunakili diski uliyoitaja, ni ipi?"